Kipimo cha Fidia



Wako watu wengi miongoni mwetu wanaodhani kwamba mtu akiisha kuamriwa na mahakama kumlipa fidia yule aliyemdhulumu, basi amebakiwa na njia mbili tu: ama alipe kimya, ama akimbie. Na wako wengine wanaodhani kwamba kukata rufaa ni hila ya kumchosha mwenye haki mpaka akate tamaa. Mimi nalikuwa katika kundi la kwanza, na baadhi ya jamaa zangu walikuwa katika kundi la pili, mpaka jambo lilipoingia nyumbani mwetu likatufundisha sote. Nimeona si vibaya kuliandika hapa, kwani lililotupata sisi laweza kumpata kila mwenye kijana.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika. Elimu yangu ni ya chuo na ya shule ya msingi tu. Sheria za serikali sikuzisomea. Watu wa hapa wengi ni wavuvi na wakulima. Katika usiku wa giza taa za wavuvi huonekana ziwani kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji; na mbalamwezi ikitoka taa hizo hupungua, kwani dagaa hawakusanyiki vema penye taa wakati mwezi unang'aa. Habari hii ya mwezi naitaja mapema kwa sababu ina nafasi yake huko mbele.

Mwaka 2011, Ikola ilipokuwa ingali katika Wilaya ya Mpanda na Mkoa wa Rukwa, kabla ya kuundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012, mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alikuwa kijana wa miaka ishirini. Alikuwa akivua katika mtumbwi wa mama mmoja mjane, na malipo yake yalikuwa fungu katika mgao wa samaki. Mama yule alikuwa ameachiwa na mumewe mtumbwi, nyavu na watoto watatu. Na watoto wote watatu walikuwa wakisoma kwangu, wakikaa juu ya mkeka mmoja na wadogo zake mpwa wangu.

Siku moja pakatokea ugomvi juu ya mgao. Kijana akaona amepunjwa. Badala ya kuja kwangu, au kwenda kwa wazee, akangoja usiku, akaenda pwani na kisu, akazikata nyavu za mjane yule. Asubuhi watu walipouliza, hakukana. Alipelekwa mbele ya mahakama moja ya mwanzo ya upande wetu, akakiri kosa la kuharibu mali. Hakimu akamwachilia kwa sharti la kutotenda kosa lo lote kwa muda wa miezi 12, na akamwamuru kumlipa mwenye nyavu fidia ya Sh. 2,160,000.

Hesabu ile iliandikwa na shemeji yake mjane, nayo ilisomwa mahakamani hivi: wavu mzima wa vipande vinane, kila kipande Sh. 120,000, jumla Sh. 960,000, na hasara ya kutovua siku 60, kila siku Sh. 20,000, jumla Sh. 1,200,000. Kijana alipoulizwa kama ana neno, akainamisha kichwa akasema, "Sina la kusema." Mimi nalikuwapo. Nami sikusema neno, kwani haya ilikuwa imenifunika uso. Mwalimu wa kufundisha watu amana, mpwa wake amekata nyavu za mjane! Mwisho hakimu akatangaza kwamba asiyeridhika anayo haki ya kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya kabla ya kupita siku 30. Maneno hayo yalipita masikioni mwangu kama upepo.

Jioni ile jamaa walikusanyika nyumbani kwa dada yangu. Mmoja akasema, "Tukate rufaa, tuseme hakukata wavu hata mmoja. Ushahidi uko wapi?" Nikamjibu kwa ukali kwamba kijana amekiri kwa ulimi wake, na kwamba sitatia mkono katika uwongo. Nikasema, "Atalipa kama alivyoamriwa. Amri ya hakimu ni amri." Dada yangu akalia. Shamba lake lote la mihogo lisingefika nusu ya fedha zile. Lakini mimi nikajiona nimesimama upande wa haki, nikaenda zangu kulala.

Siku zikapita. Ilikuwa siku ya kumi na tisa, nami nikiwasomesha wanafunzi wakubwa Sura ya Al-Anbiyaa, tukafika pale panapotajwa Nabii Daudi na Nabii Sulaiman walipohukumu katika jambo la shamba. Wafasiri wa Kurani wameeleza kisa hicho. Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu wakalila. Daudi akahukumu kwamba mwenye shamba apewe kondoo. Sulaiman akaona njia iliyo sawa zaidi: mwenye shamba apewe kondoo kwa muda tu, apate maziwa yao na sufi yao na watoto wao, na mwenye kondoo alilime shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe mali yake. Na Mwenyezi Mungu akaeleza kwamba alimfahamisha Sulaiman, na kwamba wote wawili aliwapa hukumu na ilimu.

Nalikuwa nimesomesha kisa hicho mara nyingi, wala sikupata kukiona kama nilivyokiona siku ile. Hii ndiyo fidia yenyewe! Ni hukumu ya fidia iliyotazamwa mara ya pili ikarekebishwa. Wala Daudi hakuvunjiwa heshima, wala mwenye shamba hakunyimwa haki yake. Kilichorekebishwa ni kipimo tu, ili fidia ilingane na hasara. Basi kwa nini nalimwambia dada yangu kwamba hukumu ya fidia haitazamwi tena?

Nikafunga chuo mapema, nikamwita kijana, nikamketisha mbele yangu. Nikamwambia, "Nieleze ulichokifanya usiku ule, usiongeze wala usipunguze."

Akasema, "Mjomba, nilikata vipande vitatu. Nilisikia mbwa wakibweka nikakimbia."

"Na vile vitano vingine?"

"Vilikuwa vizima. Mama mwenyewe alivishona na vipande vipya, akarudi ziwani."

Nikamwuliza siku ngapi mtumbwi ule ulikaa pwani. Akasema usiku kumi na mbili, kisha mama yule akaazima wavu kwa ndugu yake. Hapo nikaiona hesabu ya siku 60 ilivyo. Haikuutazama wavu wa kuazima, wala haikuutazama mwezi. Katika siku 60 mwezi hujaa mara mbili, na nyakati hizo mitumbwi mingi hukaa pwani hata kama nyavu ni nzima. Nani alipe hasara ya usiku ambao hapana mvuvi aliyekwenda ziwani? Hakimu hakuwa mvuvi, wala hapana aliyemweleza. Sisi tuliokuwa tukijua tulinyamaza, mimi wa kwanza.

Nikamwuliza mara ya mwisho, "Yako mengine?" Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, niliitupa na taa majini." Ilikuwa karabai ya mjane, ambayo watu walidhani imeibwa siku nyingine, wala haikutajwa mahakamani.

Ndugu zangu, pale ndipo palipokuwa na mtihani. Tulikuwa tukijiandaa kwenda kumwambia hakimu mwingine kwamba mjane amehesabiwa zaidi kuliko hasara yake. Na papo hapo tulijua jambo moja ambalo alihesabiwa pungufu. Jamaa mmoja alipopata habari akaninong'oneza, "Mwalimu, la taa liache. Hakuna alijuaye." Nikakumbuka Sura ya Al-Mutaffifina, inayowaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza. Mtu akitaka mizani sahihi pale penye faida yake, aitake mizani hiyo hiyo pale penye hasara yake. Ama sivyo rufaa yake ni biashara, si haki.

Kesho yake nalikwenda kwa mjane. Nalimkuta uani akianika dagaa. Nikamweleza yote mawili, ya rufaa na ya taa. Hakuinua uso. Akasema, "Mwalimu, watoto wangu wanakuja kwako kila siku. Leo wewe umekuja kunipunguzia?"

Neno lile lilinichoma, nami sina budi kukiri kwamba sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukwambia kabla hujaletewa wito wa mahakama. Tutaomba ihesabiwe hasara yako yote, wala si zaidi. Nawe una haki ya kufika huko na kusema, na ukiwa na hati zako za manunuzi uzichukue." Nikaweka mbele yake Sh. 70,000 za taa, nilizozipata kwa kuuza mbuzi wangu wawili, na kijana alinirudishia baadaye. Akazitazama, akazipokea, wala hakusema ahsante. Wala hakuwa na sababu ya kusema.

Sasa siku zilizobaki zilikuwa chache. Nilikwenda kwa karani wa mahakama ile nikaomba nakala ya hukumu, nayo ikanichukua siku sita kuipata. Karani mmoja mwema akanieleza mambo ambayo yangenipasa kuyajua tangu mwanzo. Kwanza, aliyekiri kosa mwenyewe hawezi kurudi kuipinga hatia, lakini aweza kuipinga adhabu au amri ya kulipa fidia. Basi lile shauri la jamaa, kwamba tukane kila kitu, lilikuwa uwongo na tena lisingefika popote. Pili, rufaa itokayo Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa hati ya maombi yenye sababu za rufaa, nayo hupelekwa Mahakama ya Wilaya kabla ya kutimia siku 30 tangu siku ya uamuzi. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, lakini ataulizwa sababu ya maana, na haya si sababu.

Niliiandika hati ile mwenyewe kwa Kiswahili, sababu zake tatu: kwamba vipande vilivyokatwa ni vitatu si vinane, kwamba siku zilizopotea ni kumi na mbili si 60, na kwamba kijana hana mali ila nguvu zake, basi aomba kulipa kidogo kidogo. Tukapanda lori kwenda Mpanda, safari ya zaidi ya kilomita mia moja, nayo ilikuwa masika. Lori lilikwama katika tope tukalala njiani. Kijana alisukuma lori pamoja na watu wengine hata matope yakamfika kifuani, nami nikiwa nimeikumbatia bahasha chini ya kanzu yangu isilowe. Tuliipeleka hati siku ya 28. Laiti nisingalipoteza zile siku kumi na tisa kwa kiburi changu nilichokiita haya, tusingalisafiri kwa hofu namna ile.

Shauri lilipoitwa, mjane naye alifika pamoja na shemeji yake. Hakimu wa rufaa alikuwa amekwisha kuyasoma mambo yaliyoandikwa katika mahakama ya kwanza. Akamwuliza mjane, "Vipande vingapi vilikatwa?" Mama yule alikuwa mtu wa haki. Angeweza kusema vinane, kwani ndivyo ilivyoandikwa. Akasema, "Vitatu, mheshimiwa. Hesabu aliiandika shemeji." Akaulizwa siku za kukaa pwani, akasema kumi na mbili. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia: "Na taa yangu wamekwisha kunilipa." Hakimu akatutazama sisi, akaandika.

Hukumu ikawa hivi: hatia yabaki kama ilivyo, na sharti la miezi 12 labaki, fidia yapunguzwa mpaka Sh. 600,000, yaani vipande vitatu Sh. 360,000 na siku kumi na mbili Sh. 240,000, nayo ilipwe kwa muda wa miezi sita. Kijana alilipa Sh. 100,000 kila mwezi, na kila mwezi nalikwenda naye, mjane akatia kidole gumba katika daftari. Mwezi wa tano alimpa kijana uji. Mwezi wa sita alimwuliza kama anataka kurudi katika mtumbwi wake. Leo mpwa wangu ni mtu mzima, ana nyavu zake mwenyewe, na akiwapa watu mgao huwahesabia mbele ya macho yao.

Baada ya mambo hayo nalianza kuuliza na kusoma, kwani wazazi wengi huja kwangu na karatasi za mahakama. Yafaa wasomaji wayajue machache. Hapa Tanzania fidia ya namna hii hulipwa na yule aliyetiwa hatiani. Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu chatoa nafasi ya kumwamuru aliyetenda kosa amlipe fidia aliyeumizwa, ama juu ya adhabu nyingine, ama badala yake. Kama shauri lilianza Mahakama ya Wilaya, njia ya rufaa ni kwenda Mahakama Kuu, na hesabu ya siku ni nyingine: yapasa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kupeleka sababu za rufaa ndani ya siku 45. Asiyeweza kumlipa wakili aulize habari za wasaidizi wa kisheria, ambao wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na aliyeumizwa akifungua baadaye shauri la madai juu ya jambo lile lile, fedha alizokwisha kulipwa zitahesabiwa. Halipwi mara mbili kwa hasara moja.

Mataifa mengine yameona kwamba mkosaji aghalabu ni maskini, na mwenye kuumizwa hubaki na karatasi mkononi. Kwa hiyo New Zealand iliweka sheria ya serikali kuwalipa walioumizwa na wahalifu mwaka 1963, na Uingereza ikaanza mpango wake mwaka 1964. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa tamko juu ya haki za waathirika wa uhalifu. Jirani zetu wa Kenya waliweka sheria ya kuwalinda waathirika mwaka 2014, na ndani yake mfuko wa kuwasaidia.

Na hata katika makosa makubwa kupita kiasi, kipimo hutazamwa tena. Katika nchi ya Kongo, iliyo ng'ambo ya ziwa letu, lakini mbali sana upande wa kaskazini, huko Ituri, kijiji cha Bogoro kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, na mwezi Machi 2017 ikaamuru fidia kwa watu 297. Majaji waliikadiria hasara ya watu hao kuwa zaidi ya dola 3,700,000, lakini fungu la Katanga mwenyewe wakaliweka dola 1,000,000, na kila mmoja akapewa dola 250 kuwa alama ya kutambuliwa maumivu yake, pamoja na misaada mingine ya pamoja. Pande zote zilikata rufaa: Katanga, na mawakili wa walioumizwa. Mwezi Machi 2018 majaji wa rufaa wakaithibitisha sehemu kubwa ya amri ile, na wakaagiza maombi ya watu watano yatazamwe tena. Katanga hakuwa na mali, basi mfuko wa waathirika wa mahakama ile ukatoa fedha. Wasomaji watambue kwamba mlango wa rufaa haukuwa wa mkosaji peke yake; walioumizwa nao waliuingia.

Basi wazazi, na ninyi vijana, nasihi yangu ni hii. Kijana wako akitenda kosa, usimfiche nyuma ya rufaa, wala usimtupe kwa sababu ya haya yako. Mkalishe umwulize yote, hata lile ambalo hakuna alijuaye. Hudhuria mahakamani, na hesabu ya hasara inaposomwa iulize kwa adabu mahali pale pale, kwani neno moja siku ile lingalituokoa na safari ya tope. Hesabu siku zako tangu siku ya hukumu. Mwendee uliyemdhulumu kabla ya karatasi kumfikia. Kile unachojua kwamba ni haki yake, mpe wala usingoje. Na wewe uliyedhulumiwa, dai haki yako yote, usione haya. Lakini idadi yake iwe ile ambayo waweza kuisema mbele ya Mola wako, kama alivyofanya mama yule aliposema "vitatu".

Mama yule amekwisha kufariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku ya mazishi yake mpwa wangu alishuka kaburini pamoja na wanawe wa kiume kumpokea. Nami nikiwa nimesimama juu ya mchanga nikalikumbuka swali lake la uani, "Leo wewe umekuja kunipunguzia?" Natumai alilijua jibu kabla ya kuondoka.

Mwenyezi Mungu atujaalie insafu katika vipimo vyetu. Amina.